Jumanne ya Santuri ya Pili

Tulifungua duka saa sita usiku
kwa ajili yake. Theluji ya Buffalo
ilikuwa imefika kwenye vitasa vya milango,
na bado watu walipanga foleni
kutoka kaunta yetu hadi kwa kinyozi Hosea Tubbs,
wakirukaruka kwa baridi,
wakighani kwa moyo mistari ya ile ya kwanza,
kwaya isiyo na mchungaji.

Ile ya kwanza! Nani asiyeijua?
Verdell Pruitt aliirekodi chini ya ardhi,
stoo ya duka la kufulia la Bi Estelle Yancey,
ng'ambo ya barabara yetu,
maikrofoni imefungwa kwenye mpini wa fagio,
soksi ya binamu yake ikichuja pumzi.
Wimbo wa tatu, ukitega sikio,
utasikia mashine ya kukaushia ikizunguka juu ya dari
na zipu ya jaketi la mtu ikigonga bati:
ka, ka-ka, ka.
Hakuifuta. Aliipanda kama farasi,
vina vyake vikaangukia hapo hapo
dakika nne na sekunde kumi na moja.
Mlikuwamo mama yake na zamu za usiku,
kiwanda cha chuma kilichofungwa,
kaka yake Lucious, na viatu vyake
vilivyorudishwa nyumbani kwenye mfuko wa plastiki.
Tukasema: huyu ametuhesabu mmoja mmoja.

Miaka miwili na nusu tukangoja.

Basi napasua nailoni kwa jino.
Nashusha sindano. Fidla. Fidla tena.
Mtu wa Maiami anaitikia.
Mtu wa Los Angeles anamwitikia mwitikiaji.
Verdell anaingia kama mgeni kwenye harusi yake mwenyewe,
anataja saa, anataja gari,
anataja kisiwa ambacho sidhani kama amefika,
maana hata jina amelikosea.
Vina vipo, siwezi kumsingizia,
vimepangwa sawasawa kama meno ya bandia,
na kama meno ya bandia
haviumi.

Wanasema mgema akisifiwa.
Nilikuwepo aliposifiwa. Nilisifu kuliko wote,
nikabandika sura yake dirishani
hadi jua likaipausha ikawa buluu.
Na maji hakuyachota yeye.
Yalikuja kwa ndege kutoka New York pamoja na mkataba
na kijana wa suti aliyesema: kidogo tu, walevi hawatajua.
Yeye alishika kibuyu tu.
Lakini alikishika.

Wimbo wa tisa, shemeji yangu Renita
akatoka nje kuvuta sigara, hakurudi.
Ozell, aliyetoroka zamu yake ya hospitali,
akaniuliza kwa upole, kama anauliza habari za mgonjwa,
"Upande huu ndio wenyewe?"

Kufikia Ijumaa tulirudishiwa nane.
Kufikia Machi bei ilishuka mara mbili.

Halafu akaja mwenyewe, Alhamisi, duka tupu,
kofia imevutwa hadi kwenye nyusi.
"Zinakwendaje?"
"Zinakwenda," nikasema,
na nyuma yangu maboksi sita
yamesimama kama mashahidi wa serikali.
Hakucheka. Alikwangua kwa ukucha
kibandiko cha njano cha bei kilichoziba shavu lake,
kikatoka na ngozi kidogo ya karatasi.
"Fidla hazikuwa wazo langu."
"Najua."
"Lakini nilizipenda."
Hilo sikuwa na jibu lake.

Nilimsindikiza kwa macho kupitia kioo.
Akavuka barabara, akaingia kwa Bi Estelle,
hana mfuko, hana nguo za kufua.
Akavunja dola, akatumbukiza sarafu,
akavua jaketi lake la ngozi, lile la kwenye jalada,
akalitupa ndani peke yake
na kuketi mbele ya mashine.

Kwangu sauti haikufika.
Niliona kichwa tu, kikishuka, kikipanda,
kikishuka,
kikichelewa nusu pigo,
kikitafuta.