Sekunde Kumi na Moja

Mchana napima maziwa ya watu:
mafuta kiasi gani, maji kiasi gani,
nani kachanganya, nani kasema kweli.
Jioni narudi ghorofa ya nne, mtaa wa nyuma wa Tartu,
theluji imekalia baiskeli yangu kama paka asiyefukuzika,
nawasha kompyuta ya mezani, ile nzee yenye feni inayokohoa,
naketi kutengeneza kicheza muziki
ambacho hakuna aliyenituma, wala atakayenilipa.

"Kazi ya bure," asema dada yangu Piret,
akilivuta neno lipate maana zake zote mbili.
Namwambia si bure, ni huria:
jiko liko wazi, mlango hauna kufuli,
atakaye aonje mchuzi, atakaye aongeze chumvi,
na atakayeona inzi, aseme.

Na wanasema. Wanasema!
Mmoja ataka herufi kubwa, mwingine ataka ndogo.
Wa Lyon haipendi rangi ya kijani, hasemi kwa nini.
Mwingine kaandika neno moja: "Haichezi."
Haichezi nini, bwana? Wapi? Tangu lini?

Mwaka jana nilibuni kitu nikakionea fahari:
programu ijue penye kimya, ikiruke.
Wimbo ushike mkia wa wimbo,
pasiwe na pengo, pasiwe na mtu wa kungoja.
Chini ya desibeli kadhaa, niliandika, ni utupu. Kata.
Wengi walisifu. Nililala vizuri.

Kisha, Februari, barua kutoka Punta Arenas,
kule ambako Chile inamomonyoka kuwa visiwa.
Evaristo Mansilla, fundi redio mstaafu.
Kihispania chake nilikipitisha kwenye mashine ya tafsiri
mara mbili, nikidhani mashine imekosea:
"Bibi, toleo lenu jipya linamkata mke wangu."

Ni kanda ya mwaka themanini na tatu.
Otilia anapiga kodiani, vibaya, mumewe anakiri,
kidole cha kati kilivunjika kiwandani, kwenye mikebe ya kaa.
Muziki unaisha. Halafu sekunde kumi na moja:
kiti kinalia, upepo unasukuma dirisha,
na yeye, mbali na kinasa sauti, anauliza:
"Umezima?"

Hakuwa amezima.

"Wimbo wenyewe, bibi, sina haja nao sana.
Huwa nausubiri tu upite."

Nikafungua msimbo. Mstari wa mia nne na kumi na mbili,
mwandiko wangu, na kando yake maelezo yangu:
hapa hamna kitu.
Miaka kumi na tisa napima maziwa;
sifuri naijua. Sifuri si kwamba hamna,
ni kipimo kimefika mwisho wa macho yake.
Nani alinipa mimi kipimo cha nyumba ya Otilia?

Nikafuta. Uamuzi nikamrudishia msikilizaji,
na asipoamua lolote, programu isiruke.
Kubadili kulikuwa maneno mawili.
Kueleza sababu kulinifikisha saa nane za usiku,
naandika, nafuta, naandika,
mwisho nikabakiza sentensi moja kwa atakayefuata:
kuna mtu humu.

Wa Lyon alinuna. Nikamwonyesha swichi ilipo.

Jumamosi asubuhi likaja jibu.
Nilitarajia machozi; leso nilikuwa nayo.
"Asante. Anauliza tena, kila jioni, nami namjibu.
Ila tangu toleo hili kitelezi cha sauti kimepotea dirishani,
na sikio langu la kushoto, bibi, ni zito."

Nikacheka peke yangu. Feni ikakohoa.
Nikateleka birika,
nikaiandikisha dosari mpya, nikaipa namba.