Nyaya

Kohima, mwezi wa saba. Mvua imekaa mlimani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Umeme umekatika tena, na kaka yangu Vilhoulie
anapiga gitaa lisilosema:
waya umechomekwa kwenye ukuta uliokufa,
vidole vinakimbia, sauti imebaki ndani ya mbao.
Mama, jikoni, katikati ya moshi wa nyama ya nguruwe:
"Mungu anasikia hata hivyo. Endelea."

Ndivyo ilivyoanza, mkitaka kujua.
Hapakuwa na maono, wala malaika.
Palikuwa na gitaa la mkono wa pili kutoka Dimapur,
ufa wake umezibwa kwa gundi ya viatu,
na Keneizo, mwana wa fundi mabati,
aliyezigonga ngoma kama anazidai,
na Asenla wa besi, mwalimu wa shule ya Jumapili,
miwani mizito, subira nyepesi.
Na mimi. Mimi nilikuwa wa nyaya:
kuzikunjua, kuzikunja,
kuzifunga utepe mweusi pale panya walipoonja.

Wakajiita Chumvi.
Mashemasi wakakutana mara tatu.
Shemasi Neilhou akasema, hii ni kelele ya Ibilisi
aliyejifunza kupiga magoti.
Mchungaji akakuna kidevu,
akafungua Neno pale penye matoazi,
akasoma taratibu, akasoma tena,
kisha akawakabidhi ufunguo wa ukumbi,
kwa sharti kwamba madirisha yafungwe
na saa mbili usiku kila mtu awe kwao.

Chini ya bati lile mvua ilipiga kuliko Keneizo.
Wiki nzima alishindana nayo, akashindwa.
Wiki ya pili akaacha, akaketi, akaisikiliza.
Mapigo ya wimbo wao wa kwanza
ni ya mvua ile, si ya mtu.

Watu kumi na wawili, pamoja na mama zao.
Halafu mia tatu, Shillong, kwenye tamasha la wanafunzi.
Halafu Guwahati, uwanja wa matope,
vijana wasiojua kanisa lina mlango wapi
wameinua mikono, wanalia, hawajui wanalilia nini.
Mimi nyuma ya jukwaa nimeshika plagi
isichomoke.

Akaja bwana mmoja kutoka Mumbai, shati jeupe, chai bila sukari.
"Sauti safi sana," akasema. "Ila lile jina."
Jina lipi?
"Lile la kwenye kiitikio. Wekeni *wewe*.
*Wewe* inauzika. Kila mtu ana *wewe* wake."
Asenla akavua miwani, akaifuta, akaifuta.
Kaka yangu akanyamaza
kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.
Usiku, hotelini, akaniuliza gizani:
"Na kama *wewe* ni Yeye yule yule?"
Nikajifanya nimelala.

Walitia sahihi. Siwasingizii, nami nilikuwepo.
Wimbo ukapanda redioni, ukapanda,
ukachezwa saluni, ukachezwa harusini,
wapenzi wakaapiana kwa maneno
ambayo kaka aliyaandika akiwa amefunga siku tatu.
Pesa ilinunua gitaa lisilo na ufa.
Asenla alirudi kwa watoto wake wa Jumapili.
Hakugomba. Aliniachia utepe mweusi, nusu gombo.

Desemba tukarudi Kohima.
Baridi ya kukata masikio, uwanja umejaa,
wachuuzi wa mahindi ya kuchoma hadi getini.
Kiitikio kinakaribia, kaka anavuta pumzi,
na umeme, kama kawaida yake,
ukaenda zake.

Gitaa kimya. Kipaza sauti, chuma tu mkononi.
Nikaanza kukimbia, tochi mdomoni, nikitafuta jenereta,
ndipo nikasikia, kutoka upande wa wazee,
sauti ya Shemasi Neilhou, nzito, imepotoka ufunguo,
ikikiendeleza kiitikio mahali kilipokatikia.
Wakamfuata hamsini. Wakamfuata wote.
Na pale penye *wewe*
hawakusema *wewe*.

Keneizo alishikilia mapigo kwa kiganja, gotini.
Kaka yangu aliinama, mkono juu ya nyuzi,
si kuzipiga, kuzituliza,
kama mtu anayemshika farasi aliyesikia jina la mwenyewe.

Jenereta niliiona. Ilikuwa hatua mbili kutoka kwangu.
Nikaizima tochi.