Kipimo cha Mdeki

Msellem anataka iuzwe Ijumaa, sokoni Nizwa,
kwa wale wanaotazama fedha kabla ya chuma.
Pete saba mtutuni, kitako cha mti mweusi,
na utambi uliokauka kama utumbo wa mbuzi.
"Isafishe tu," kaniambia, "wewe una mkono."
Mkono wangu ni wa cherehani.
Nashona dishidasha hapa Ibra, nyuma ya soko la wanawake.
Lakini chuma ni chuma, na mafuta ya cherehani
huingia popote penye kutu.

Kwanza mdeki. Baba alinifunza hivyo:
bunduki usiiamini kwa kuwa imenyamaza.
Tumbukiza mdeki mpaka ugote,
bana kwa kidole pale unapotokeza,
uchomoe, uulaze kwa nje, upime.
Mtutu ukiwa mtupu, ncha hufika kwenye tundu la moto.
Ncha yangu ilikomea vidole vinne kabla.

Nikapima tena.
Vidole vinne.

Miaka hamsini na kitu imening'inia sebuleni
juu ya kichwa cha kila mgeni aliyekunywa kahawa.
Idi hadi Idi vijana wameishusha, wamecheza nayo razha,
wameirusha angani wameidaka,
na siku zote hizo imeshindiliwa!

Nikamimina maji ya moto tunduni, tone kwa tone,
nikaiacha ilale na unyevu wake hadi alasiri.
Sindano ya magunia nikaipinda, nikaifunga kwenye ncha ya mdeki.
Nikazungusha. Nikavuta.
Nilitazamia lifu la mtende,
maana hapa kila kitu ni lifu, kamba hadi dodoki.
Likatoka kumbi.
Kumbi la nazi, jekundu, limesokotwa kwa vidole vya mtu.

Ibra haina mnazi.
Minazi iko Salala, mwendo wa siku nzima,
na kwetu hakuna aliyewahi kufika huko.
Basi ilishindiliwa Wete.
Ikapanda meli imeshiba,
ikapita forodhani imeshiba, mtu akaigongea muhuri.

Kwetu tuna hadithi ya babu Ghusayn
usiku wa mwisho, nyuma ya mlango, kidole tayari.
Nje walikuwa watatu. Alipokuwa akihadithia baba, saba.
Msellem sasa amefika kumi na wawili.

Nikaigeuza mdomo chini nitafute risasi.
Ikatapika tope jeusi kama machicha ya kahawa.
Nikalitandaza kwenye sinia, nikalipitisha vidoleni.
Nikasuuza, nikachuja kwa kitambaa cha bitana.
Hamna risasi. Hamna hata kokoto.

Baruti na kumbi, bila risasi:
huo si mzinga wa adui. Ni wa harusi.

Shangazi Ghaniya alikuwa jikoni anamenya thomu.
Ana miaka themanini na mmoja, na jina la baba yake tu.
Nikamwekea kumbi kiganjani. Akalinusa.
"Ilikuwa iwe Alhamisi," akasema,
akachukua punje nyingine.

Nikaosha mtutu kwa maji yanayochemka hadi yakatoka meupe.
Nyoka anayeng'ata utambi alikuwa amelegea,
nikamkaza kwa springi ya kibweta cha uzi.
Utambi mpya wa pamba nikauchovya kwenye shura, nikauanika.
Baruti nikaomba kwa jirani, nusu kipimo, chuma ni kizee.
Kumbi lile lile nikalirudisha.

Alhamisi tukashuka wadini, mimi naye, Msellem hajui.
Mara ya kwanza kisahani kikawaka peke yake, fyuu,
mtutu haukujibu.
Shangazi akaniangalia kama aliyezoea.
Nikatoboa tundu kwa pini, nikatia baruti upya, nikapuliza utambi.

Mlima wa pili ndio uliotuitikia.
Moshi ulikaa mahali pake, mweupe, mnene, hauna haraka,
na harufu ya mayai viza ikatukalia mashungini.
Shangazi hakupiga kigelegele.
Alingoja moshi wote uishe,
akajipangusa macho, akasema ni baruti,
kisha akasema:
"Haya. Mwambie aiuze."