Konokono

Nilimnunua Jumamosi, kwa muuza skrepa wa Boma Ng'ombe,
amefungwa kwenye gazeti la michezo kama nusu kilo ya maini.
Konokono wa chuma, katoka kwenye Subaru
iliyokunjwa na lori la saruji njia panda ya KIA.
Laki na themanini. Nikaomba apunguze.
Akasema, mwalimu, tia kidole hapa, zungusha.
Kijipangaboi kikaendelea kuzunguka
hata nilipokwisha kutoa kidole,
na sisi wawili tukanyamaza, tukikisikiliza.
Nikalipa laki na themanini.

Aikande hakupiga kelele.
Aliuliza tu, "Hiyo ni tabo au ni tabu?"
akarudi kuhesabu fedha za kikoba.

Gari lenyewe ni Karina, ya mwaka niliomaliza kidato cha nne.
Sina lingine. Ndiyo ya shule, ndiyo ya kliniki,
ndiyo ya mikungu ya mama kila siku ya soko,
na safari moja ilibeba jeneza la jirani, nusu nje ya buti,
kwa sababu ya mvua, kwa sababu hapakuwa na namna.
Asubuhi inashuka Kibosho ikinuka breki.
Jioni inapanda ikikohoa,
gia ya pili, ya kwanza, ya pili, ya kwanza,
na watoto pale kanisani huipita kwa miguu
wakitupungia mikono, kwa adabu kabisa.

Fundi Mbazi wa Pasua, Mpare wa Usangi,
umri wa mdogo wangu wa mwisho,
hana kompyuta ya kupimia. Ana sikio.
Aliikata ekzosi kwa msumeno wa mkono,
akachomelea kiwiko cha bomba la maji,
akatoboa sampo ili oili ipate njia ya kurudi nyumbani.
Kipoza upepo tulikivua kwenye Pajero iliyokufa.
Mpira wa kuunganishia ulikuwa wa pampu ya mpunga, Chekereni;
bado ulikuwa na tope.

Nyuma ya andalio la somo niliandika:
vyuma vya kuchomelea, elfu ishirini na tano;
plagi nne;
gasketi mbili, maana ya kwanza itapasuka
(ilipasuka);
soda ya Mbazi, soda ya msaidizi wa Mbazi,
soda ya mtu aliyekuja kutazama.
Nafundisha hisabati. Sikujumlisha.

"Paundi tano," Mbazi alisema, "basi.
Injini hii imenyweshwa hewa kwa kijiko miaka yote,
leo usiimwagie ndoo."

Baba alibeba mizigo ya wageni mlimani miaka kumi na tisa.
Kule juu Barafu, husema,
mdomo unaufungua wote na hewa inaingia robo.
Sasa hata ngazi tatu za baraza ni Barafu kwake.
Siku ya majaribio nilimweka kiti cha mbele,
fimbo katikati ya magoti,
tukaiacha lami ya mjini, tukaelekeza pua juu.

Mlima ulianza. Nilisubiri kikohozi.
Hakikuja.
Kilikuja kitu chembamba, kutoka mbali, chini ya boneti,
kikipanda pamoja na mguu wangu,
na migomba ikaanza kurudi nyuma upesi upesi
kama watu waliosahau kitu nyumbani.

Baba aligeuka. "Nani anapiga mluzi?"

Gia ya tatu.

Pale kanisani watoto walikuwa wamejipanga, tayari kukimbia.
Tuliwapita. Kwenye kioo niliwaona wamesimama,
wamenuna,
kama watu waliovunjiwa mkataba.

Baba hakusema neno mpaka getini.
Alikuwa amefungua kioo chote,
mdomo wazi,
anaumeza upepo.

Jumatatu klachi ilianza kuteleza.
Bado sijamwambia Aikande.