Hodi ya Ndani

Wiki tatu nzima Ilze alipiga hodi
ndani ya nyumba aliyokuwa akilala.
Akitoka chumbani: hodi.
Akija jikoni na kikombe kitupu: hodi.
Hata bafuni, ambako hakukuwa na mtu,
aligonga bati la mlango, akasubiri,
ndoo ikashindwa kumjibu.

"Karibu," nasema, kitunguu machoni.
"Karibu," anasema Baba Kunda nyuma ya redio.
Tulikaribisha hadi neno likapauka
kama kanga ya kudekia.

Alitoka Latvia, nchi ambayo Bibi Ndekirwa
aliitafuta kwenye kalenda ya benki, hakuiona,
akaamua iko nyuma ya Rombo,
mbele kidogo, kwenye baridi.

Siku ya kwanza alimwamkia Kundaeli shikamoo.
Kundaeli ana miaka mitano. Aliitika marahaba,
mikono nyuma kama mwenyekiti wa mtaa,
na tangu hapo kumtuma chumvi dukani
ni mpaka tumbembeleze.

Nilipika machalari. Akala ndizi,
nyama akaipanga ukingoni mwa sahani
kama watoto wanaosubiri sindano.
Akamaliza, nikaongeza. Akamaliza, nikaongeza.
Kwangu sahani tupu ni ombi;
kwao, nilikuja kuelewa, ni shukrani.
Tukapigana vita hiyo, mimi na mwiko, yeye na adabu,
hadi kifungo cha suruali yake kikagoma,
nami nikaipanua kwa cherehani usiku,
nikaikunja, nikairudisha, sikusema kitu.
Naye hakusema.

Luku ilipolia tii-tii-tii gizani
alidhani ni ndege. Akaniuliza jina lake.
Nikamwambia: huyo anaitwa Mwisho wa Mwezi.
Akaandika kwenye daftari.

Mlima aliupiga picha kila alfajiri.
Mimi huutazama kujua kama nianike.

Halafu Aprili. Pasua yote tope,
nguo kwenye kamba, mimi gerezani mwa cherehani
na sare kumi na mbili za watu wa kwaya,
mvua ikashuka bila kukohoa.
Nikasikia mlango umepigwa teke.
Aliingia amebeba kila kitu: mashuka,
gagulo langu, soksi za Baba Kunda zisizofanana,
vibanio viwili mdomoni kama meno ya ziada,
akavimwaga kochini, akapiga kelele, "Mama, sufuria!"
na kabla sijainuka alikwisha kuitega
pale pale, kati ya kabati na dirisha,
panapovuja. Alijua panapovuja.

Tone la kwanza likalia chini ya sufuria.
Nikabaki na karibu yangu mdomoni,
haina pa kwenda.

Aliondoka Juni. Chumba kina magunia ya mahindi sasa
na Kundaeli, aliyekihamia siku ile ile,
kabla godoro halijapoa.
Juzi usiku nilitaka sindano nene,
ile anayoificha kwenye droo yake eti ni mkuki.
Nikafika mlangoni. Nyumba yangu, mlango wangu,
niliulipia kwa magauni ya harusi ya watu.
Mkono ukanyanyuka wenyewe, ukagonga.
"Hodi," nikasema, polepole, kwa ile sauti yake.

Kimya. Gunia likajikuna, labda panya.
Kisha kutoka chini ya blanketi,
nusu ya mtoto, nusu ya usingizi:
"Marahaba."

Sindano sikuipata.