Madaftari Sita

Chumba changu kipo Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
mlango wa pili kutoka mashine ya kusaga,
ndiyo maana kila ninachokishona
kina vumbi jembamba la sembe mgongoni.
Wateja hudhani ni mtindo. Siwakatazi.

Saa kumi na moja na nusu natunga uzi.
Katani hii si ya kamba za meli:
nimeiloweka, nimeichana kwa chanuo la mtoto,
nimeipitisha kwenye nta mpaka ikanyamaza.
Simu naifukia ndani ya debe la unga wa muhogo,
unga uleule ninaopikia gundi.
Ikilia, inalia kama mtu aliyejifunika shuka,
nami nina sindano mdomoni, sijibu.
Adhuhuri naifukua, naipangusa,
nawaomba radhi watu watatu.

Sita kwa siku. Si saba.
Seremala Singano, aliyenichongea vibanio kwa mkopo,
hunicheka: "Sita? Mashine za Dar zinatema elfu sita
wewe hujamaliza kutafuta miwani."
Kweli. Ila mashine hizo hazijui
kwamba mkunga Mwanakombo anataka daftari
la kuingia mfuko wa gauni lake la kazi,
lisilo na kona za kumchoma akiinama;
wala kwamba kamati ya harusi ya kina Semboja
inataka kurasa za ahadi ziwe nyingi
kuliko kurasa za fedha taslimu.

Nilishawahi kuikufuru hesabu yangu.
Ilikuja hoteli: mia tatu kwa siku kumi,
nembo yao juu, jina langu popote pasipoonekana.
Nikasema ndiyo kabla swali halijaisha.
Nikaita binamu wanne, nikaazima chemli mbili,
nikaacha kungoja gundi ikauke,
nikaipepea kwa ungo
kana kwamba ni uji wa mgonjwa.
Masika ikaingia. Karatasi zikaanza kuaga
mojamoja, kama wageni wa hitima waliokwisha kula.
Mia na arobaini yalirudi kwa bajaji.
Dereva akadai nauli. Kwangu.

Siku tatu sikugusa sindano.
Nililala chali nikihesabu misumari ya bati,
nikapata idadi tofauti kila mara.
Ya nne nikaokota moja katika yale yaliyoachia,
nikalifumua, nikalishona upya, polepole,
kwa ajili yangu. Ndilo daftari la hesabu hadi leo,
nembo ya hoteli bado ipo juu, imepinda.
Ukurasa wa kwanza: deni la Singano.
Wa pili: kodi, nta, bajaji.
Wa tatu ulikuwa wa faida.
Umeme ulikatika, nikaandika hivi:

    Sita nitashona leo, na kesho nishone sita,
    Sina mhuri wa cheo, wala ngoma ya kuita,
    Haraka ina pepeo, gundi haitaki vita,
    Gundi ikauke kwanza, ndipo jina litashika.

Mizani imetimia. Kodi bado.

Juzi Mwanakombo alikuja na daftari lake la zamani
limejaa, limenona, limefungwa kwa mpira wa sindano.
Hakunifungulia; siri za watu, alisema.
Alinionyesha mgongo tu,
akalishika jalada moja, akalitikisa hewani
kama mtu anayekung'uta mkeka.
Halikudondosha hata jani.
"Nipe jingine, ukubwa huuhuu."
Kisha akanipunja mia tano, bila haya,
akaondoka mbio, kuna mtu uchungu umemshika Chumbageni.

Leo alfajiri simu imeshafukiwa.
Matano yapo kwenye vibanio.
La Mwanakombo nimeliacha la mwisho,
nalizungusha kona kwa msasa, kona ya kwanza,
ya pili,
na mashine ya jirani ndiyo kwanza inaanza kunguruma.