Bawa la Pili

Meza yetu ilikuwa na mabawa mawili
na mguu mmoja uliofunguka kama lango.
Ikikunjwa haikuzidi shubiri,
ikasimama ukutani kama mtu aliyeambiwa angoje.

Mama aliipata Muhumba, kwa madamu aliyekuwa akifunga nyumba.
Miezi mitatu ya kufua, mshahara hakuna.
"Chukua meza, Nsimire. Ilikuwa ya bibi yangu. Ni ya zamani."
Zamani hailiwi, mama alituambia baadaye,
lakini siku ile alijitwika,
akapanda nayo hadi Funu kwenye utelezi,
na mguu ule ukafunguka kila kona
ukimgonga mgongoni
kama mtoto anayeuliza: tumefika?

Chumba kimoja. Sisi saba, baba, mama,
na shangazi aliyekuja wiki moja akakaa miaka minne.

Asubuhi bawa moja: chai, na bugali ya jana.
Mchana bawa lile lile, mlangoni,
mama akipima sambaza kwa kikombe.
Jioni daftari, kibatari, zamu kwa zamu.
Usiku, kunja.
Godoro lilishuka pale meza ilipokuwa,
na aliyelala mwisho aliamka
na alama ya skrubu shavuni.

Bawa la pili lilikuwa na sheria yake:
likifunguliwa, mtu mmoja atoke.
Alitoka Cirhuza. Sijui nani aliamua.
Alipokea sahani yake dirishani, akala amesimama,
mvua ikiongeza mchuzi.

Nimehesabu: lilifunguliwa mara tatu.
Siku watu wa Walungu walipomfuata dada Nabintu,
ng'ombe wakatajwa juu ya meza mmoja mmoja
kana kwamba wangeenea humo ndani.
Siku ya diploma ya Cirhuza,
naye, kwa mazoea, akatoka nje.
Na siku tulipomlaza baba juu yake:
miguu ilipita ukingo,
shangazi akasogeza kigoda.

Bawaba ya kushoto ilikatika siku ile.
Fundi Birindwa wa Nyamugo aliunusa ule mti mwekundu,
akasema, si libuyu huu, mimi siujui.
Akakata soli ya kiatu cha baba,
akapigilia misumari minne.
Tangu hapo bawa hilo hufunguka bila sauti.

Sasa tumetawanyika.
Nabintu yuko Walungu, wawili Uvira, mmoja kwenye migodi ya Kamituga.
Cirhuza alitoka.
Chumba kimekuwa kikubwa, na hakuna aliyekijenga upya.
Mama anakula peke yake kwenye ukingo uliokunjwa,
pale panapotosha sahani moja,
kikombe akikishika mkononi.

"Mama, ifungue yote. Nafasi ipo."
Alinitazama kama aliyesikia lugha ya Muhumba.
"Nikiifungua yote, nani atatoka nje?"

Kijiko kilinianguka, nikakifuata chini.
Kule, upande wa ndani wa bawa la pili,
kwa penseli, herufi za Cirhuza zimelala kushoto:
jedwali la saba, lote, hadi kumi na mbili.
Saba mara nane, hamsini na nne.

Nikalowesha kidole kwa mate, nifute.
"Kuna nini huko chini?" mama akauliza.
"Vumbi," nikasema.